Kitanzi cha Homoni kwa Mwenye Hedhi Nyingi: Ni Tiba au ni Kuzuia Uzazi?



Miongoni mwa masuala ya twahara ambayo hayapati haki yake katika darsa zetu ni la mwanamke ambaye hedhi yake inakuja kwa wakati na kuondoka kwa wakati, lakini inapokuja inamwaga damu kupita kiasi. Huyu haulizi kuhusu swala, kwani hukumu yake ameifahamu tangu chuoni. Anauliza kuhusu mwili wake. Na siku hizi huenda akaambiwa na mganga wa hospitali kwamba kipo kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi na kuipunguza damu hiyo. Anaporudi nyumbani anaambiwa na majirani kwamba kitanzi ni uzazi wa mpango, na kwamba mambo hayo ni haramu. Basi anabaki katikati, na mwezi unaofuata damu inakuja vilevile.

Tunalitazama suala hili tukiwa na mahali maalumu mbele yetu, maana hukumu isiyotazama mahali humwacha muulizaji pale pale alipo. Kewanja ni kijiji cha eneo la Nyamongo, wilayani Tarime katika mkoa wa Mara, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ukivuka Mto Mara upande wa kusini unaingia wilaya ya Serengeti. Waislamu huko ni wachache miongoni mwa Wakurya na wageni waliofuata kazi na biashara. Mwanamke wa huko hulima, hubeba maji, huchuuza, na wengine huponda mawe wakitafuta chembe za dhahabu. Akitaka kuonwa na daktari wa magonjwa ya kina mama, aghalabu itambidi aende Tarime mjini, au Musoma, au Bugando kule Mwanza. Nauli ya safari hiyo ni sehemu ya suala lenyewe, na inafaa ajue la kuuliza kabla hajapanda gari.

Siku kumi na tano si kipimo cha uzima

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu Afrika Mashariki, uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, yaani saa 24. Wingi wake ni siku kumi na tano pamoja na usiku wake. Na kilicho kawaida ni siku sita au saba. Twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku kumi na tano. Mabwana Hanafi wao wamesema uchache ni siku tatu na wingi ni siku kumi. Haya kila aliyesoma Safina anayajua.

Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani kinachopimwa hapa. Mafakihi wamepima muda. Hawakupima wingi wa damu, kwa sababu swala na saumu zinafungamana na wakati, si na ujazo. Basi mwanamke anayetokwa na damu siku nane, akibadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja, akiamka usiku shuka limelowa, akitoa mabonge, huyo kwa fikihi yumo katika hedhi isiyo na tatizo lolote. Hana istihadha. Na kwa tiba huyo huyo ni mgonjwa.

Hapa ndipo tunapoona wanawake wengi wanapotezwa, bila mtu yeyote kukusudia. Amefundishwa kwamba damu isiyovuka siku kumi na tano ni hedhi, na kwamba hedhi ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam. Yote mawili ni kweli. Kisha anaongeza la tatu ambalo hakuna mwanachuoni aliyelisema: kwamba kwa hiyo hana ugonjwa. Hukumu ya fikihi imemwambia lini aswali na lini asiswali. Haikumwambia kwamba yu mzima.

Madaktari kwa muda mrefu waliihesabu hedhi kuwa ni nyingi ikizidi mililita 80, kiasi cha vijiko vitano vikubwa na ushei, au ikizidi siku saba. Kwa kuwa hakuna anayepima nyumbani, siku hizi wanaangalia zaidi vile damu hiyo inavyomwathiri mwanamke katika maisha yake. Dalili zake ni hizo tulizozitaja, na nyingine ni kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, uchovu usioisha, na weupe wa viganja na wa ndani ya kope. Hizi za mwisho ni dalili za upungufu wa damu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria, minyoo, lishe na mimba zinazofuatana zina sehemu yao katika hilo, na hedhi nyingi ina sehemu yake. Mwanamke wa namna hii akishika mimba anakwenda kujifungua bila akiba ya damu, na kila mmoja wetu anajua damu inavyotafutwa kwa shida siku hiyo.

Bibi Hamna na swali lake

Jambo hili si geni katika Uislamu. Wanawake kadhaa wa zama za Mtume (s.a.w.) walikuja na shida ya damu, na riwaya zao ndizo msingi wa mlango mzima wa istihadha. Fatma binti Abi Hubaysh aliuliza kama aache swala kwa kuwa hatwahariki, naye Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa ile ni damu ya mshipa na si hedhi. Ummu Habiba binti Jahsh, mke wa Abdurrahman bin Auf, alidumu na damu miaka saba. Alikuwa akioga katika beseni chumbani kwa dada yake, Mama wa Waumini Zaynab, mpaka wekundu wa damu ukatanda juu ya maji.

Yupo pia Hamna binti Jahsh, ndugu yao, na riwaya yake imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Yeye alieleza kwamba damu yake ni nyingi na kali. Tuzingatie mpangilio wa majibu aliyopewa. Kwanza Mtume (s.a.w.) alimwelekeza atumie pamba. Akasema ni nyingi kuliko hivyo. Akaelekezwa ajifunge, kisha atumie nguo, naye akasema kwamba inamwagika mno. Baada ya hapo ndipo alipoelezwa hukumu ya siku sita au saba na ya swala zake. Basi kabla ya hukumu ya ibada alitazamiwa damu yenyewe na namna ya kuizuia, na mara zote aliposema kuwa hiki hakitoshi hakukaripiwa. Tunawaomba mashekhe wenzetu wanaoulizwa masuala haya waizingatie adabu hiyo.

Kilicho karibu zaidi na suala letu ni athari iliyopokewa na Abdurrazzaq katika Musannaf yake. Abdullah bin Umar (r.a.) aliulizwa juu ya mwanamke ambaye damu ya hedhi imemrefukia, naye anataka kunywa dawa ya kuikata. Ibn Umar hakuona ubaya wowote, bali alimtajia maji ya mti wa araki, ambao ndio mti wetu wa mswaki. Sahaba huyu, ambaye wanazuoni wanamjua kwa ukali wake wa kufuata Sunna, hakuuliza kama kuikata damu ni kubadilisha maumbile. Alitaja dawa. Na Ibn Qudama katika Al-Mughni amenukuu kutoka kwa Imam Ahmad kwamba hapana ubaya mwanamke kunywa dawa ya kukata hedhi, kwa sharti iwe ni dawa inayojulikana.

Sharti hilo la dawa inayojulikana lina uzito mkubwa sokoni kwetu. Chupa ya maji ya mizizi isiyo na jina, inayouzwa na mtu atakayekuwa mji mwingine wiki ijayo, haijulikani. Mbaya zaidi ni zile dawa za unga au vidonge vya kujipachika ukeni ambavyo muuzaji mwenyewe hajui vimechanganywa na nini.

Vitanzi viwili, jina moja

Sasa tuje kwenye kitanzi, na hapa tunamwomba msomaji asome taratibu, kwani kosa la jina moja linaweza kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

Kitanzi ambacho watu wengi wanakijua, wengine wakikiita lupu, ni cha shaba. Ndicho ambacho kwa miaka mingi kimepatikana katika vituo vya serikali, na hudumu miaka kumi na zaidi. Hakina homoni yoyote. Ni kizuri kwa anayetaka kupanga uzazi, lakini moja ya athari zake mashuhuri ni kuzidisha damu ya hedhi na maumivu yake, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye hedhi nyingi akiwekewa hiki kwa kudhani ndicho alichoshauriwa, ametiwa mafuta kwenye moto.

Kitanzi cha homoni ni kingine. Ni kiplastiki kidogo chenye umbo la herufi T, urefu wake kiasi cha sentimita tatu, kilichobeba miligramu 52 za homoni iitwayo levonogestreli. Homoni hiyo hutoka kidogo kidogo, mwanzoni mikrogramu 20 hivi kwa siku, na kazi yake kubwa huifanya pale pale ndani ya mfuko wa uzazi. Kilibuniwa na daktari Tapani Luukkainen na wenzake huko Finland, na kilianza kuuzwa nchini humo mwaka 1990 kwa jina la Mirena. Marekani ilikiidhinisha kwa tiba ya hedhi nyingi mwaka 2009, na Shirika la Afya Duniani lilikiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015.

Namna kinavyofanya kazi si siri. Kila mwezi ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hujijenga ukawa mnene, kisha hubomoka na kutoka pamoja na damu. Homoni hii huuzuia ukuta usinenepe. Kilichojengwa kikiwa kidogo, kinachobomoka nacho huwa kidogo. Baada ya miezi mitatu hadi sita damu hupungua sana kwa wanawake walio wengi, na kiasi cha mwanamke mmoja katika watano hedhi hukoma kabisa ndani ya mwaka wa kwanza. Damu hiyo haijifichi tumboni kama wengine wanavyoogopa. Haikujengwa, kwa hiyo haipo ya kutoka.

Hakikosi madhara. Kiasi cha mmoja katika ishirini kitanzi hutoka chenyewe. Hutokea kwa nadra, mara moja au mbili katika elfu, kikatoboa ukuta wa mfuko wakati wa kuwekwa, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa anayenyonyesha. Maambukizi yakitokea huwa zaidi katika wiki tatu za mwanzo. Wapo wanaopata maumivu ya kichwa, chunusi, maziwa kujaa au huzuni. Kwa tiba ya hedhi nyingi hubadilishwa baada ya miaka mitano.

Basi mwanamke wa Kewanja anapokwenda Tarime aulize kwa maneno haya haya: je, mnacho kitanzi cha homoni, si cha shaba? Ni adimu kuliko kile kingine na kikinunuliwa bei yake si ndogo. Ni bora aulizie kwa simu kabla ya safari. Anayevuka Sirari kwenda upande wa Kenya atasikia kikiitwa koili, na huko pia jina hilo linabeba vyote viwili.

Sababu ya damu itangulie

Hata hivyo kitanzi si jibu la kwanza. La kwanza ni kujua damu inatoka kwa nini. Inaweza kuwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, ambao ni wa kawaida sana kwa wanawake wetu. Ukiwa umeharibu umbo la ndani ya mfuko, kitanzi hakikai. Inaweza kuwa ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, hasa kwa binti aliyeanza kumwaga damu nyingi tangu hedhi yake ya kwanza. Binti kama huyo huanzwa kwa vidonge. Inaweza kuwa mimba iliyoharibika. Na anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi kwa umri, huyu asizungumze habari ya kitanzi mpaka achunguzwe saratani ya shingo ya kizazi na ya mfuko. Aliyevuka miaka 45 na damu yake ikabadilika naye ni vivyo hivyo.

Watu wa Nyamongo wana dhana nyingine, kwamba maradhi yote yanatokana na maji ya mgodi. Tangu maji machafu ya mgodini yalipovuja kuingia Mto Tigithe mwaka 2009, hatuwezi kuwalaumu kwa kushuku. Lakini shaka hiyo isiwe sababu ya kutopimwa, maana uvimbe utaendelea kukua huku tukibishana juu ya mto.

Dawa nyingine zipo pia, na daktari mwadilifu ataziweka mbele yake: vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha damu iliyopotea, ambavyo atavihitaji kwa vyovyote, vidonge vya tranexamic vinavyomezwa siku za damu tu, dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, ambazo nazo hupunguza damu kiasi, na vidonge vya homoni. Anayetaka kushika mimba karibuni vile vya siku za damu vinamfaa kuliko kitanzi. Mwisho kabisa ni upasuaji, na katika upasuaji kuna kuondoa mfuko wote wa uzazi.

Hukumu yake

Tunasema: kumwekea mwanamke kitanzi cha homoni kwa ajili ya hedhi nyingi iliyothibitishwa na tabibu ni kujitibu, na kujitibu kumeamrishwa. Mtume (s.a.w.) amewahimiza waja wa Allah wajitibu, akaeleza kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Usama bin Sharik. Kwamba kitanzi hicho kinazuia mimba ni jambo linalofuatana na tiba, halikukusudiwa lenyewe.

Na lau lingekusudiwa, bado lisingekuwa haramu moja kwa moja. Sahaba walifanya azli katika zama za kuteremka Qur'an kama alivyosimulia Jabir (r.a.), na Imam Ghazali katika Ihya ameijuzisha hata kwa mwenye kuhofia maisha ya mkewe katika uzazi. Baraza la Fikihi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha kwamba kuzuia mimba kwa muda kunafaa pakiwa na haja inayokubalika kisheria, kwa mashauriano na ridhaa ya mume na mke, kwa njia halali, bila madhara na bila ya kuivamia mimba iliyopo. Baraza hilo hilo lilikataza kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa moja kwa moja isipokuwa kwa dharura.

Msomaji alitazame azimio hilo kwa upande wa mgonjwa wetu. Kitanzi kinaondolewa, na kati ya kila wanawake kumi wanaotaka mimba baada ya kukiondoa, wanane hivi huipata ndani ya mwaka. Mfuko ukiondolewa haurudi. Kwa hiyo anayekataa kitanzi kwa kuogopa haramu, akakaa na damu miaka mitano mpaka ikabidi akatwe mfuko, amekimbia lililo jepesi akaangukia lile zito ambalo haliruhusiwi ila kwa dharura. Kanuni ya fikihi ni kuchukua dhara nyepesi ili kuiepuka kubwa.

Wamo wanaosema kitanzi huua mimba changa. Katika cha homoni, kazi yake kuu ya kuzuia mimba ni kuuzidisha unene ute wa mlango wa kizazi hata mbegu ya mume isipite, kwa hiyo yai halirutubishwi. Hofu hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kwa vitanzi vya zamani.

Mume na ng'ombe

Je, ruhusa ya mume ni lazima? Kujitibu ugonjwa unaomdhuru ni haki ya mke, na mume hana haki ya kumwacha mkewe amwage damu. Lakini kitanzi hiki kinagusa watoto, na watoto ni haki ya wote wawili, kwa hiyo amweleze, na ikiwezekana waende pamoja wakaelezwe na daktari. Kukiweka kwa siri ni kufungua mlango wa ugomvi siku itakapogundulika.

Tunajua kwamba huko Tarime jambo hili si dogo. Mahari ya Kikurya ni ng'ombe, na ng'ombe wametolewa kwa ajili ya kizazi. Mahali ambapo mwanamke asiye na mtoto huweza kumwolea mke mwingine katika ile wanayoiita nyumba ntobhu ili nyumba yake isizimike (na hiyo si ndoa katika sheria yetu), neno la kitanzi likisikika ukweni huleta mtikisiko. Basi mume aelezwe mambo mawili: kwamba chombo hiki kinaondolewa siku yoyote wakitaka, na kwamba mke mwenye damu ya kutosha ndiye anayebeba mimba salama.

Kuhusu sitara, aanze kutafuta mganga mwanamke Mwislamu, kisha mwanamke asiye Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha asiyekuwa Mwislamu, na kifunuliwe kile tu kinachohitajika. Ndivyo lilivyopanga Baraza la Fikihi mwaka 1993. Tarime wauguzi wengi ni Wakristo, na hilo lisimzuie. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) katika Hijra walimkodi Abdallah bin Urayqit awaongoze njia, naye alikuwa katika dini ya Makureshi, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Na ikiwa ni Ramadhani, afanyiwe usiku au katika siku zake za hedhi, kwa sababu kuingiza kitu ukeni mchana hufunguza kwa madhehebu yetu. Baada ya hapo kitanzi hakizuii josho wala udhu, kwani kipo ndani.

Miezi ya matone

Sehemu hii ndiyo ambayo daktari hatamfundisha. Katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kabla damu haijapungua, kitanzi cha homoni huleta matone yasiyo na mpangilio, mara mekundu, mara ya rangi ya kahawia. Wengi hukiondoa wakati huu, na baadhi yao sababu ni swala tu: hawajui wahesabu vipi.

Matone hayo, hata ya kahawia au ya manjano, yakitoka katika siku zinazowezekana kuwa hedhi ni hedhi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Yakija na kukatika ndani ya siku kumi na tano, na jumla ya nyakati za damu ikafika saa 24, basi zote ni hedhi pamoja na mapengo yaliyo katikati. Si lazima damu itiririke. Pamba ikiingizwa ikatoka na rangi, damu ingalipo. Akiona usafi anaoga na kuswali, ikirudi anaacha, na saumu aliyofunga katika pengo hilo atailipa. Ikiwa jumla haikufika saa 24, haikuwa hedhi, na swala alizoziacha azilipe.

Yakivuka siku kumi na tano, huyo sasa ni mwenye istihadha. Kama damu yake inatofautiana, nzito nyekundu kisha hafifu, na ile nzito haikupungua mchana na usiku wala haikuzidi siku kumi na tano, na ile hafifu haikupungua siku kumi na tano mfululizo, basi ile nzito ndiyo hedhi. Kama haitofautiani, anarudi kwenye ada yake ya kabla ya kitanzi. Tuchukulie ada yake ni siku saba. Katika mwezi wa kwanza anajizuia mpaka siku ya kumi na tano akitaraji itakoma. Ikivuka anaoga, anahesabu saba kuwa hedhi, na analipa swala za siku nane zilizobaki. Mwezi unaofuata hangoji: zikiisha siku saba anaoga na kuanza kuswali, hata kama matone yapo. Kwa kila faradhi atajisafisha, ataweka pamba au pedi, atatawadha baada ya wakati kuingia, kisha aswali bila kuchelewa. Mumewe ni halali kwake katika siku hizo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kuwekewa, aiandike ada yake: inaanza lini na inachukua siku ngapi. Karatasi hiyo itamfaa hospitali na itamfaa nyumbani.

Hedhi ikikoma kabisa, yeye yu twahara. Ataswali mwezi mzima na kufunga Ramadhani yote.

Limebaki suala moja ambalo wachache hulikumbuka, nalo ni eda. Aliyefiwa na mume eda yake ni miezi minne na siku kumi, awe na kitanzi au asiwe nacho, maadamu hana mimba. Lakini aliyeachwa, naye ni wa umri wa hedhi, eda yake ni twahara tatu kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 228. Hedhi yake ikiwa imekatwa na kitanzi, haingii katika hukumu ya waliokata tamaa ya hedhi, ambao eda yao ni miezi mitatu, kwa sababu kukatika kwake kuna sababu inayojulikana. Katika madhehebu ya Shafi aliyekatikiwa na hedhi kwa sababu inayojulikana, kama kunyonyesha au maradhi, hungoja mpaka irudi. Basi huyu akikaa na kitanzi chake eda yake inaweza kurefuka miaka, akiwa hawezi kuolewa. Njia iliyo wazi ni kukiondoa baada ya talaka, angojee hedhi irudi, ahesabu twahara zake, na akishaolewa, damu ikiwa bado inamsumbua, atawekewa kingine. Makadhi na wanaofungisha ndoa wamuulize mwanamke aliyeachwa swali hili kwa faragha, kupitia mwanamke mwenzake, kabla ya kukubali kwamba miezi mitatu imetosha.

Wallahu aalam.